Hatukosei

Kibao kilipanda asubuhi, watu wakiwa bado wanafagia mbele ya milango yao. Mkaguzi alikuwa juu ya kigoda, misumari mdomoni, nyundo mkononi, na mdogo wake wa kike aliyeitwa Kifungo alikuwa amekishika kigoda kisicheze. Hakuna aliyemwomba afurahi. Aliombwa ashike tu, naye akashika, macho yake yakiwa chini kwenye viatu vya kaka yake vilivyong'arishwa mpaka ungeweza kujitazamia ndani yake.

"Kimekaa sawa?" Mkaguzi aliuliza huku misumari ikimcheza mdomoni.

"Kimekaa."

"Tazama kwanza, ndipo useme."

Akatazama. Herufi zilikuwa nyeusi juu ya rangi nyeupe, nene, zimepigwa kwa rula: USHONAJI WA UHAKIKA. HATUKOSEI.

Kifungo aliyameza maneno hayo kama kile kifungo cha chuma alichokimeza alipokuwa mtoto, kikampa jina ambalo halijamtoka mpaka leo.

Ng'ambo ya barabara Mama Mkaa alikuwa anapanga makopo yake, kila kopo limejaa mkaa kwa kilima. Aliinua kichwa, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba wa kaburi. "Ha-tu-ko-sei." Akaliweka chini kopo alilolishika. "Hamkosei?"

"Hatukosei, mama!" Mkaguzi alimjibu kwa uchangamfu wote. "Kuanzia leo. Yaliyopita yamekwisha."

"Yamekwisha," alisema Mama Mkaa. Na yule mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo akarudi kwenye makopo yake.

Katika mtaa ule neno kukosea lilikuwa na maana tatu. Mbili anazijua kila mtu: kufanya jambo isivyo, na kumtendea mwenzako ubaya. Ya tatu ilizaliwa ndani ya chumba kile cha cherehani, na nje ya mtaa hakuna aliyeijua.

Ilianza na mama yao, Mama Fundi. Kila mwaka kwaya ya kanisani ilipoanza kufanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi, yeye alikuwa anaegemea kiunzi cha mlango na futi yake shingoni, anatazama watu wakipita. Hakumpima mtu yeyote. Alitazama tu: huyu gauni limepauka mgongoni, yule suruali inaomba kustaafu. Halafu akaingia ndani, akachagua vitambaa alivyovitunza, akashona. Siku moja mtu yule akipita na shughuli zake atasikia, "Wewe! Hebu njoo hapa. Nimekosea. Mteja kaikataa, kasema inambana. Ijaribu wewe, isije ikaliwa na panya bure."

Na mtu angekuja shingo upande. "Kila mwaka unakosea wewe. Kwani unashona umefumba macho?"

"Macho yamechoka, nifanyeje?"

"Basi mimi ndiye pipa la takataka zako."

"Vaa huko, usinipotezee muda."

Nguo ingemkaa kama ngozi. Mtu yule angeondoka analalamika mtaa mzima umsikie, kwamba Mama Fundi kamtupia tena makosa yake, na kulalamika huko ndiko kulikuwa asante. Asante nyingine haikupokelewa. Aliyethubutu kuitamka aliulizwa kama ana homa.

Ugonjwa huo uliambukiza. Mama Mkaa alianza kumwaga kopo zima mlangoni pa watu. "Nimekosea, limeniponyoka. Zoeni wenyewe, mimi mgongo unaniuma." Mwenye tanuri la mikate alikosea hesabu, akatoa mikate mingi kuliko wateja wake. Mwalimu wa kwaya akakosea siku, akaenda kuimba na kundi zima kwenye nyumba ya mgonjwa, akidai kuwa aliambiwa pana arusi. Kufikia wiki ya Krismasi mtaa mzima ulikuwa unakosea kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mmoja amekunja uso, na hakuna aliyekosa kitu.

Mama Fundi alikuwa na sharti moja, na alimwapisha Kifungo siku alipomkalisha kwenye cherehani kwa mara ya kwanza. "Jambo hili halitajwi. Siku utakapoliita kwa jina lake, mtu atavua nguo yake akurudishie. Hakuna anayependa kuvaa huruma."

"Hata kaka nisimwambie?"

"Hasa kaka yako."

Kifungo hakuelewa kwa nini *hasa*. Aliahidi tu.

Kaka yake alikuwa ameondoka nyumbani mapema, akasomea kwa mjomba, kisha akapata kazi katika mji wa mbali, kwenye kiwanda cha chupa. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya taa kali chupa zikipita, na kutoa ile yenye kovu, povu au ufa. Aliifanya vizuri. Aliifanya vizuri mno, hata alipokuja likizo hakuweza kunywa chai bila kukizungusha kikombe kwenye mwanga. Ndiyo maana mtaa ukamwita Mkaguzi.

Mama yao alifariki katikati ya mwaka. Kaburini, udongo ulipoanza kuanguka, Mama Mkaa alipiga magoti akalia, "Mama huyu alinikosea! Alinikosea mimi na wanangu, mwaka hadi mwaka! Nani atanikosea sasa?" Lakini kwaya ilikuwa imeanza wimbo, na maneno ya mwisho yakamezwa. Mkaguzi alisikia ya mwanzo. Pembeni yake mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, mzee ambaye wote walimwita Afande, alitikisa kichwa chake akasema taratibu, "Hata mimi alinikosea sana."

Mkaguzi akarudi kazini na maneno hayo kifuani. Mama yake mzazi, mtu wa kanisa, kumbe aliwakosea watu mpaka wanamlilia makosa yake juu ya kaburi! Akavumilia miezi ile, na Krismasi ilipokaribia akaomba likizo, akanunua rangi na mbao, akaja kulisafisha jina la mama. Hakuja kwa ubaya. Hilo Kifungo alilijua, na ndilo lililomfanya ashindwe hata kumchukia vizuri.

Siku aliyofika alijaribu. "Kaka, wale watu hawakuwa na maana hiyo."

"Walikuwa na maana gani?"

Kifungo akafungua mdomo. Mbele ya kioo alisimama binti wa Mama Mkaa, aliyekuja kupunguziwa pindo, amevaa sketi ambayo Mama Fundi aliikosea mwaka uliopita. Binti yule akamtazama kupitia kioo, mara moja tu, akainamisha macho. Kifungo akaufunga mdomo wake.

"Basi tu," alisema.

"Usimtetee, mdogo wangu. Nilimpenda kama wewe. Lakini mimi kasoro ndiyo kazi yangu, nazijua." Akageuka kwenye dirisha, akajifanya ana vumbi jichoni.

Chini ya kibao Mkaguzi alibandika na karatasi: yeyote aliyekosewa na marehemu alete nguo yake, itarekebishwa bure kabla ya Krismasi. Hakutosheka na karatasi. Alisimama mlangoni akawa anawaambia wapita njia. "Karibu, mzee, kama kuna ulichokosewa. Karibu, dada, usione haya." Watu walimpa mkono, wakamuuliza habari za kiwandani, wakaenda zao. Hakuna aliyeleta hata leso.

"Hawajamsamehe," alimwambia Kifungo wakati wa chakula cha mchana, sahani yake ikiwa haijaguswa. "Unaona? Hata kuleta nguo hawataki."

"Kula, kaka. Chakula kinapoa."

"Kiwandani ni rahisi. Chupa moja ikiwa na kovu, unaitoa. Wakati mwingine zinapita nyingi na zote zina kovu palepale. Hapo hutoi hata moja. Kovu likijirudia mahali pamoja si kasoro tena, ni mtu amepanga mashine hivyo. Unakwenda kumuuliza fundi wa mashine alikuwa anataka nini." Akasukuma sahani. "Wanadamu sasa, fundi wao utampata wapi umuulize?"

Kifungo alikaribia kucheka, akakaribia kulia, akainuka akaosha vyombo.

Mtaa nao ulipoa. Mwenye mikate alitoa mikate iliyotosha wateja wake, basi. Mama Mkaa alijaribu. Alivuka barabara na kopo lake, akalipindua mlangoni pa cherehani, akashika kiuno. "Mungu wangu, limeniponyoka!"

Mkaguzi alitoka mbio na ufagio. Aliuzoa mkaa wote, kipande kwa kipande, hata unga wake, akaurudisha kwenye kopo na kumpelekea mwenyewe mpaka kwenye meza yake. "Pole, mama. Hakuna kilichopotea."

"Mwanangu, mimi nimekosea."

"Nimeona. Ndiyo maana nimekurudishia."

Mama Mkaa alimtazama Kifungo aliyekuwa mlangoni, akamtazama tena Mkaguzi. "Mtoto huyu," alisema, "mlimpeleka shule kupita kiasi."

Kilichowagombanisha ndugu wale hasa ni koti. Mkaguzi alilikuta ndani ya kapu la mama yao, chini ya vipande: kitambaa kizito cha kahawia, limekatwa tayari, limeshikizwa kwa pini, halijashonwa. Ndiyo kazi ya mwisho ya Mama Fundi. Alilitandika juu ya meza, akazilinganisha sehemu zake, na uso wake ukaingia kivuli.

"Ona hili. Ona, dada! Bega la kushoto limeshuka. Kola nayo imefuata, imelala upande. Mtu gani ana mabega ya namna hii?"

Kifungo aliliona na akamjua mtu palepale, kama vile amebisha hodi na kuingia chumbani. Afande alibeba magunia ya saruji tangu ujana wake, bega lile lile moja, mpaka bega lenyewe likakata tamaa. Makoti ya dukani yalimning'inia kama yametundikwa kwenye msumari. La sasa lilikuwa limetoboka viwiko, na asubuhi za baridi alilinda duka huku amejikumbatia, akisema anafanya mazoezi ya viungo. Mzee huyo ukimpa kitu anakikataa. Aliwahi kumrudishia mwenye duka blanketi, akasema yeye si mgonjwa.

"Liache lilivyo," alisema Kifungo.

"Litengenezwe. Nitalinganisha mabega, halafu tulitundike dirishani, watu waone kazi ya kweli." Mkaguzi alikuwa ameshachukua chaki, amechora mstari mnyoofu juu ya kitambaa. Akanyoosha mkono kwenye mkasi.

Kifungo akaweka kiganja chake juu ya mstari ule.

"Ondoa mkono."

"Siondoi."

"Nitakukata."

"Nikate. Lakini koti hili hulikati."

Hakuwahi kumwambia kaka yake neno la namna hiyo. Tangu utotoni yeye alikuwa yule anayeshika kigoda. Hata sauti ilimtoka kavu, ngeni, akasikia kana kwamba kuna mwanamke mwingine chumbani.

"Unataka kushona kosa?" Mkaguzi hakuamini. "Unalijua ni kosa na unalishona?"

"Ndiyo. Nalijua ni kosa na nalishona."

"Jina la mama litakuwa lini safi ndani ya nyumba hii?"

"Jina la mama halina doa. Wewe ndiye umelibandikia ukutani kwamba lina doa."

Kwa utulivu wa mtu anayetoa chupa kwenye mstari, Mkaguzi aliinama, akauvua mkanda wa cherehani kutoka kwenye gurudumu, akauviringisha na kuutia mfukoni. "Haya. Kosa halitashonwa humu ndani nikiwa nimesimama."

"Basi kaa," alisema Kifungo.

Akachukua koti, akachukua sindano, uzi na kile kikofia cha chuma cha kidoleni cha mama yake, akatoa kigoda nje na kuketi kizingitini, chini kabisa ya kibao. Akaanza kushona kwa mkono.

Kitambaa kilikuwa kizito na sindano ilipita kwa kubembelezwa. Mchana ule na siku zilizofuata alikaa pale pale, jua likimhama kutoka begani hadi begani. Wateja wa nguo zao za sikukuu aliwaambia cherehani inaumwa, wasubiri, na wakasubiri. Watu walipita wakasoma kibao juu, wakaona koti chini, lile bega limeshuka waziwazi, likitambulika kama sura ya mtu. Nao walipunguza mwendo. Mwalimu wa kwaya alipita mara nyingi kuliko barabara ilivyohitaji.

Afande naye alipita, anakwenda zamu. Akasimama mbele ya kibao na kofia yake mkononi. Koti hakulitazama. Alijitahidi sana asilitazame.

"Kwa hiyo, binti, hamkosei tena."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Imeandikwa vizuri. Herufi zimenyooka." Akaizungusha kofia mkononi. "Haya. Kila jambo na mwisho wake. Mama yako alikuwa..." Akavaa kofia. Alipoondoka, lile bega lilikuwa limeshuka kuliko kawaida.

Kifungo alijichoma sindano. Akafyonza kidole, akaendelea. Kadiri alivyoshona ndivyo hasira ilivyomnyooka, ikawa kama uzi: nyembamba, ndefu, haikatiki. Tangu maziko alikuwa analia kwa staha, kama watu wanavyotaka mfiwa alie. Sasa hakulia. Alimshona mama yake arudi mtaani, mshono baada ya mshono, na atakayetaka kumzuia aje aukate mkono.

Ndani, Mkaguzi alikaa kweli. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkanda mfukoni, anamtazama dada yake mgongo.

Siku ya mkesha, jua likiwa bado juu, walikuja.

Mama Mkaa alivuka wa kwanza, naye hakuwa na nguo ya kazi. Alikuwa amevaa gauni la buluu ambalo mtaa ulilifahamu, amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Nyuma yake binti yake na ile sketi. Mwenye mikate katika suruali ya kaki, mwalimu wa kwaya katika kizibao chake, na wengine nyuma yao, wamejaza barabara, wote wamevaa, wote wamekunja uso. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, Afande katika koti lake la viwiko, kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Mkaguzi alitoka. Uso ulimfunguka. "Mmekuja!"

"Umetangaza tuje, tumekuja," alisema Mama Mkaa. "Aliyekosewa alete nguo yake. Mimi nimeileta, na mwenyewe nimo ndani yake. Mama yako alinikosea gauni hili."

"Pole sana, mama. Nionyeshe kosa."

"Nikuonyeshe? Si wewe mkaguzi? Litafute."

Watu wakacheka kidogo, kicheko chenye meno. Mkaguzi akamzunguka. Alitazama mabega, kwapa, kiuno, pindo. Alikunja paji, akazunguka tena. Mshono ulikuwa umenyooka kama mstari wa maji. Gauni lilimkaa mama yule kana kwamba alizaliwa nalo. Halafu akaona, chini kabisa kwenye pindo la ndani la mbele.

"Hili hapa! Kifungo cha mwisho. Vingine vyote uzi wa buluu, hiki uzi mwekundu. Aliishiwa uzi hakusema. Nitakibadilisha sasa hivi."

"Ukikigusa kifungo hicho nitakuvunja mkono, mwanangu," alisema Mama Mkaa, "na kesho ni Krismasi, nisingependa."

"Lakini mama, si mmekuja kurekebishiwa?"

"Nani kakwambia? Wewe uliita waliokosewa. Mimi nimekosewa. Nimekosewa mwaka juzi, nimekosewa mwaka jana, na sirekebishwi ng'o!"

"Hata mimi!" alisema mwenye mikate, akasogea mbele na tumbo lake. "Alinikosea suruali. Kagua!"

Mkaguzi akakagua. Suruali haikuwa na lolote, ila kifungo cha mwisho, uzi mwekundu. Kizibao cha mwalimu: kifungo cha mwisho, uzi mwekundu. Sketi ya binti ilikuwa na kifungo kimoja tu ubavuni, nacho uzi wake mwekundu. Mwanzoni alitaja kila kosa kwa sauti. Kisha akawa anataja polepole. Kisha akaacha kutaja, akawa anatembea tu kutoka mtu hadi mtu, akiinama, akitazama, na kila aliyemfikia alionyesha kifungo chake mwenyewe kabla hajaambiwa, amemkazia macho, kidevu juu.

Mkaguzi alisimama katikati yao. Kifungo alimsikia akisema, kama anajisemea, "Palepale. Zote palepale."

Naye Kifungo alikuwa amefika kwenye kifungo cha mwisho cha koti. Akachomoa uzi mwekundu kutoka kwenye kibunda cha mama yake, akapitisha, akakaza, akakata kwa meno. Akasimama juu ya kigoda chake ili aonekane. Kichwa chake kilikifikia kibao.

"Afande!" aliita, na sauti ikampasuka kama ya mama yake. "Njoo hapa! Nimekosea!"

Hakuna aliyesogea. Wote walimgeukia Mkaguzi. Alikuwa hajainua kichwa.

Afande alijivuta kutoka ukutani. Sauti aliipata, ile ya kila mwaka. "Wewe nawe! Mama akikosea, mtoto anakosea. Huoni kibao kinasemaje hapo juu yako?"

"Kibao kinasema uongo. Mteja kalikataa, anasema limepinda. Vaa huko, usinipotezee muda."

"Sikukuu yote hii naletewa vitu vilivyopinda."

Alilivua la zamani, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Koti likamshuka mgongoni, likalitafuta lile bega la saruji, likalikuta, likatulia. Kola ikamlala shingoni sawasawa. Kwa mara ya kwanza watu walimwona mzee yule amenyooka. Akafunga vifungo kimoja baada ya kingine, hadi kile cha mwisho.

"Linanibana," alisema. Akageuka upesi kutazama ukuta, ukuta usio na lolote la kutazamwa.

"Pole yako!" Mama Mkaa alimpigia kelele huku akijifuta macho kwa kiganja chenye weusi wa mkaa. "Utalivaa hivyo hivyo!"

Hapo Mkaguzi aliingia ndani. Kifungo alishuka kwenye kigoda, akamfuata mpaka mlangoni. Kaka yake alikuwa amesimama karibu na dirisha, shati amelichomoa kutoka kwenye suruali, pindo lake ameliinua kwenye mwanga kama anavyofanya na chupa. Lilikuwa lile shati lake la mistari, lililopauka kwa kufuliwa, alilolivaa katika kila safari ya kuja nyumbani. Kifungo cha mwisho kilikuwa na uzi uliofifia, lakini uwekundu wake ulikuwa bado unaonekana.

"Hili alinitumia mwaka wangu wa kwanza kule," alisema bila kugeuka. "Mliambiwa nina kazi nzuri."

"Ulituandikia hivyo."

"Sikuwa na kazi. Sikuwa hata na shati la kwenda kuiombea. Sikumwambia mtu. Angenipa kitu ningemrudishia, wewe unanijua." Akapitisha kidole gumba juu ya kifungo. "Akaniandikia, mwanangu, nimekosea kipimo cha mteja, usilitupe, vaa hata ukiwa umelala. Nililivaa, nikaenda nalo kiwandani, wakanichukua. Miaka yote hii nimekuwa najiuliza ni mteja gani yule mwenye mikono sawa na yangu."

"Hakuwepo."

"Hakuwepo." Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamtikisika, na kilichokuja baadaye hakikuwa vumbi la jichoni. Kifungo alimshika mkono. Walisimama hivyo huku nje watu wakigombana kwa furaha nani alikosewa zaidi.

"Kumbe hata mimi alinikosea," alisema Mkaguzi.

"Alikukosea sana, kaka."

Akautoa mkanda mfukoni, akaupachika kwenye gurudumu la cherehani, akalizungusha kidogo kuona kama linashika. Kisha akachukua nyundo. Watu walimpisha. Alipanda kigoda, na safari hii Kifungo hakukishika. Alisimama kando, mikono kifuani, akamwacha kaka yake apate njia ya kujisimamisha. Misumari ililia ikitoka. Kibao kikashuka.

Mkaguzi alisimama nacho mkononi, hajui akiweke wapi, mtaa mzima unamtazama. Halafu akavuka barabara mpaka kwenye meza ya mkaa. Akakohoa. Akakunja uso, vibaya, kama mtu anayejaribu kofia ya mwenzake.

"Mama," alisema. "Hii mbao... nimekosea. Ukubwa wake umenishinda. Hebu ijaribu hapo juu ya mkaa wako, mvua isiingie."

Mama Mkaa alimtazama kutoka viatu mpaka utosi.

"Mtu mzima na akili zako," alisema, kwa sauti ya kufika kanisani, "unaniletea takataka siku ya mkesha! Mimi ndiye pipa lenu?"

Naye aliipokea kwa mikono miwili. Wakaufunika mkaa kwa mbao hiyo pamoja, maandishi chini. Ilikuwa fupi, makopo ya pembeni yalibaki wazi, ikabidi Mama Mkaa atafute na gunia. Kosa la kwanza la Mkaguzi lilikuwa kosa la kweli. Lakini Kifungo, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye cherehani na kuanza kukanyaga, aliliona kupitia mlangoni akacheka mpaka uzi ukamkatikia. Mlangoni pake kulikuwa tayari na lundo la mkaa lililomwagwa, na safari hii hakuna aliyekuja na ufagio.